Mradi wa Majaribio wa Taka Katika Shehia: Mwongozo Kamili, Kuanzia Mizani Hadi Kufunga Jaa la Zamani

Vikundi vingi vya usafi Unguja na Pemba hupata fedha, vikanunua wilbero na glavu, vikapiga picha na mgeni rasmi, na mwaka ukiisha hakuna anayeweza kujibu kama taka zilipungua au zilihama tu kutoka mtaa huu kwenda ule. Aliyetoa fedha haambiwi kitu, na mwaka unaofuata anampa mwengine. Mradi wa majaribio hulipiwa ili utoe jibu. Usafi utapatikana, lakini serikali inachonunua ni jibu: njia hii inafaa kusambazwa shehia nyengine, au isirudiwe?

Mwongozo huu ni kwa kamati ya shehia, kikundi cha mazingira au ofisa wa baraza anayetaka kuandika na kuendesha mradi mdogo. Unahusu kazi mbili ambazo watu huzichanganya: kupunguza taka za kila siku, na kusafisha mahali ambapo taka za miaka ya nyuma zimekwisha kuingia ardhini. Ya kwanza ni kazi ya mazoea ya watu. Ya pili ni kazi ya udongo na maji. Unaweza kuziombea fedha pamoja, lakini ziandikie bajeti mbili na ratiba mbili, maana ya pili ikikwama kwenye maabara itaivuta na ya kwanza chini.

Hatua ya 1: Swali moja

Kabla ya kuandika jina la mradi, andika swali lake kwa sentensi moja. "Kuweka mji safi" si swali. Swali ni kama hili: nyumba 40 za mtaa wetu zikitenga taka za kuoza kwa miezi sita, uzito unaopakiwa kwenye gari la taka utapungua kwa kiasi gani, na kwa gharama gani kwa kila nyumba? Au: shimo la zamani la mchanga lililogeuzwa jaa linachafua visima vya jirani, na kama ndiyo, kufunikwa kwake kutatosha?

Swali likishakaa sawa, nusu ya ombi imejiandika. Utajua upime nini na mara ngapi, na utajua vitu gani vya kutokununua.

Hatua ya 2: Milango ya kubisha

Anza kwa sheha. Bila yeye hupati orodha ya nyumba wala watu kukutanika. Kisha nenda baraza lenye dhamana ya taka katika eneo lako: mjini ni mabaraza ya manispaa, kwengine ni baraza la mji au halmashauri. Waulize mambo mawili na uandike majibu: gari la taka linapita siku zipi, na taka zinakwenda wapi. Kwa upande wa Mjini Magharibi jibu ni Kibele, Wilaya ya Kati, ambako dampo lilijengwa chini ya mradi wa huduma za miji, ZUSP, uliotokana na mkopo wa Benki ya Dunia. Kabla ya hapo taka za mji zilikuwa zikipelekwa Jumbi. Masafa ya kutoka mtaani hadi Kibele ndiyo hoja yako nzito kuliko zote, kwa sababu kila kilo inayobaki mtaani ikawa mboji (mbolea ya taka zilizooza) ni kilo isiyolipiwa dizeli.

Mlango wa tatu ni Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar, ZEMA. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar ya mwaka 2015 ndiyo inayokuongoza hapo. Mradi mdogo wa mboji hautakusumbua, lakini ukitaka kufukua jaa au kukusanya betri chakavu, pata maelekezo yao kwa maandishi kabla hujagusa kitu.

Halafu kuna ardhi, na hapa ndipo miradi ya visiwani hukwama. Kwa Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992, ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma na mtu hupewa haki ya kuitumia. Lakini mwenye haki ya ardhi anaweza kuwa mmoja na mwenye minazi au mikarafuu iliyo juu yake akawa mwengine. Eneo likiwa ndani ya eka tatu, yaani mashamba waliyogawiwa wananchi baada ya Mapinduzi, uliza nani alikabidhiwa, nani amerithi, na nani anachuma. Watafute wote, wakae mkeka mmoja mbele ya sheha, na muhtasari utiwe saini. Mnazi mmoja uliokatwa bila ridhaa ya mwenyewe unatosha kuuzika mradi mzima.

Hatua ya 3: Fedha, na aina yake

Fedha zote si sawa. Fungu la baraza au la wizara ni bajeti ya mwaka inayoanza Julai, kwa hiyo ombi linaloingia Mei limeshachelewa. Lipeleke wakati makisio yanaandaliwa. Mikopo ya Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi, ZEEA, ni ya kurejeshwa. Inafaa kwa kikundi kinachouza mboji au plastiki iliyosagwa, na haifai hata kidogo kwa kusafisha jaa, kwa sababu jaa lililofunikwa halimlipi mtu. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ambao hufanya kazi Unguja na Pemba pia, una utaratibu wa ajira za muda kwa kaya maskini; kazi ya kuchimba mitaro na kupanda majani inaweza kuombewa nguvu kazi huko. Mpango wa Misaada Midogo wa Mfuko wa Mazingira wa Dunia, GEF, unaosimamiwa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, hutoa ruzuku kwa vikundi vya jamii, na hapo kusafisha eneo kunaweza kuingia.

Katika bajeti, mambo yanayosahauliwa ni yale yale kila siku: vipimo vya maabara, usafiri wa sampuli, mizani, chanjo ya pepopunda kwa wafanyakazi, na malipo ya mtu wa kuandika daftari. Tenga fedha za vipimo kwanza, kisha ndiyo uje kwenye fulana. (Fulana zenye nembo ya mradi sijawahi kuona zikipunguza kilo moja ya taka.) Fedha huja kwa awamu, na awamu ya pili haitoki bila hesabu za matumizi ya awamu ya kwanza, kwa hiyo nunua kwenye duka linalotoa risiti ya kielektroniki ya Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ZRA, hata kama bei yake iko juu kidogo.

Pemba ina hesabu yake ya ziada. Chupa za plastiki zilizokusanywa Micheweni au Chake zitavuka bahari kwenda kwa mnunuzi, na chupa nzima ni upepo mtupu: utajaza gari na boti kwa uzito kidogo. Bila mashine ya kubana au kusaga, nauli itakula bei yote. Kama bajeti haitoshi mashine, Pemba anza na taka za kuoza, plastiki ingojee.

Hatua ya 4: Pima kabla hujafagia

Hii ndiyo hatua ya kukaa nayo.

Chagua nyumba kwa kura, usichague za jamaa na wanakamati. Mpe kila mama wa nyumba mapolo mawili yenye namba ya nyumba yake, moja la vitu vya kuoza na moja la vyenginevyo. Mwombe asibadilishe chochote katika maisha yake kwa wiki hiyo. Akianza kujitahidi mapema, kipimo chako kimeharibika. Kusanya kila siku saa ile ile kwa siku nane, na taka za siku ya kwanza zitupe bila kuziandika, kwa kuwa ndani yake mna takataka za wiki nzima zilizokuwa zimerundikwa uani.

Mizani ya kuning'iniza inayotumika kupimia mwani mkavu inafaa sana, na kwenye vijiji vya pwani ya mashariki haikosi wa kukuazima. Ikague kwanza kwa kitu chenye uzito unaojulikana, kama mfuko wa saruji wa kilo 50 ambao haujafunguliwa. Ining'inize kwenye mti au boriti, polo linyanyuke kabisa kutoka chini, mmoja asome kwa sauti, mwengine aandike, na aliyeandika arudie namba kwa sauti kabla polo halijashushwa. Kisha mwaga polo juu ya turubai uchambue: mabaki ya chakula na majani, makumbi na vifuu, plastiki laini, chupa, karatasi na maboksi, vyuma na makopo, vioo, pampasi, vitu vya hatari kama betri na sindano. Pampasi zipe safu yao peke yake. Ni nzito, haziozi upesi, hakuna anayezinunua, na ukizificha kwenye "nyenginezo" hutaelewa kwa nini polo la pili halipungui.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme nyumba 40 zina watu 240, na kwa siku saba umepima kilo 672. Gawa 672 kwa 240, kisha kwa 7: unapata kilo 0.4 kwa mtu kwa siku. Namba hiyo moja, ikiwa imepimwa kwa uaminifu, ina nguvu mbele ya baraza kuliko kurasa kumi za maelezo.

Angalia kalenda. Usipime Ramadhani wala wiki ya sikukuu halafu ukalinganisha na mwezi wa kawaida. Ndizi, mihogo na maganda ya nazi ya futari vitakudanganya. Msimu wa maembe pia huinua uzito, na mvua za masika huloweka taka zikawa nzito bila kuongezeka. Kipimo cha mwisho kirudiwe msimu ule ule wa kipimo cha mwanzo, nyumba zile zile, mizani ile ile.

Hatua ya 5: Kupunguza taka za kila siku

Katika miji ya nchi zenye kipato kidogo, zaidi ya nusu ya taka za nyumbani ni za kuoza. Kwa hiyo anza huko. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Zanzibar tangu 2006, na kelele zote hubaki kwenye plastiki, lakini kinacholijaza gari ni maganda.

Mahali pa mboji pawe na kivuli, mwinuko kidogo, na mbali na kisima, si chini ya mita 30. Panga kwa tabaka: kitu kikavu chenye nyuzi (makumbi yaliyochanwa, majani makavu ya mgomba, vumbi la mbao) kwa ndoo mbili, kisha kitu kibichi (maganda, mabaki ya marikiti) kwa ndoo moja. Rundo liwe na kimo cha kama mita moja na upana zaidi ya hapo. Likiwa dogo halipati joto. Chukua konzi moja kutoka ndani yake uikamue: yakitoka matone mawili matatu, unyevu uko sawa, yakichuruzika, ongeza makumbi. Ndani ya siku chache joto la katikati litapanda. Ili vijidudu vya maradhi na mbegu za magugu vife, linatakiwa likae nyuzi 55 au zaidi kwa siku 15, huku ukiligeuza mara tano katika muda huo. Kipimajoto chenye mkono mrefu ni bora. Kama hakuna, chomeka ufito wa chuma, uache robo saa, uuchomoe: usipoweza kuushika, joto lipo.

Matumbo ya samaki kutoka dikoni yanafaa, lakini yazikwe katikati ya rundo na kufunikwa kwa makumbi mazito, la sivyo paka wa mji mzima watahamia kwenu. Mabaki ya mwani yasuuzwe kwa maji baridi kwanza, chumvi ipungue. Na kwenye vijiji vya mwani kama Paje, Jambiani na Bwejuu usisahau kamba za taitai, zile kamba ndogo za plastiki za kufungia mwani, zinazokatika na kusombwa ufukweni. Hizo zikusanywe kwa wakulima wenyewe, kwa kila aliye na shamba kurejesha fungu la zamani ndipo apewe jipya. Kuziokota ufukweni baadaye ni kazi mara kumi, na upepo wa kusi ukibadilika kuwa kaskazi zinahamia kwengine.

Hatua ya 6: Eneo lililochafuliwa

Sasa lile shimo. Wilaya nyingi za Unguja zina mahali palipochimbwa mchanga, udongo au mawe, pakaachwa wazi, na watu wakaona ni pahala pa kutupia. Mara nyingi wa kwanza kufika ni gari usiku.

Kishawishi kikubwa ni kuleta mtambo wa kijiko na kufukua. Usifukue. Marekani, fedha ya kwanza ya majaribio ya serikali kuu kwa maeneo ya zamani ya viwanda yaliyochafuliwa ilikwenda kaunti ya Cuyahoga, Ohio, mwaka 1993, dola 200,000, na fedha za namna hiyo zilikuwa za kuchunguza na kupanga; za kusafisha zilitafutwa kwengine. Ukiangalia gharama, busara yake inaonekana: ukifukua kitu usichokijua umepata marundo mawili machafu badala ya moja.

Anza na historia. Kaa na wazee, madereva na mafundi wa gereji. Nini kilitupwa hapa, na nani, miaka gani? Palichomwa moto? Paliwahi kuwa na ghala la dawa za kilimo, karakana ya magari, sehemu ya kuyeyushia betri? Kibaha, mkoa wa Pwani, kuna mahali panapoitwa Vikuge ambapo ghala la dawa za kuua wadudu liliporomoka, na watafiti walipopima udongo baadaye walikuta DDT na HCH, sumu za kuua wadudu. Ghala lenyewe lilikuwa limeshatoweka machoni.

Kisha tembea eneo na ramani uliyoichora kwa mkono. Tia alama ya madoa ya mafuta, majani yaliyokufa bila sababu, mapande ya bati za asbesto, sindano, na njia ya maji ya mvua. Tia alama kila kisima na bomba la jirani. Sehemu kubwa ya Unguja imekalia mawe ya matumbawe yenye nyufa na mapango, na maji tunayokunywa yanatoka chini yake. Penye udongo mzito wa kinamo uchafu hushuka polepole. Penye uwanda wa mawe hushuka na mvua ile ile.

Jiulize mambo matatu: chanzo cha sumu ni kipi, inapita njia gani, na inamfikia nani. Ukikata kimoja kati ya hivyo, hatari imepungua. Watoto wanaocheza juu ya udongo wenye risasi ya betri wanaweza kukingwa kwa uzio leo hii, wakati mnatafuta fedha za kuuondoa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, kwa hiyo uzio huo usingojee awamu ya pili.

Sampuli zichukuliwe na mtu aliyefunzwa. Zungumza mapema na Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali Zanzibar, wakwambie wanapima nini na wanataka chombo gani. Kwa kawaida udongo wa kupimwa dawa za wadudu au mafuta hutiwa kwenye chupa ya kioo na kuwekwa baridi, kwa sababu plastiki inaweza kuyavuta. Wa kupimwa madini unaweza kutiwa kwenye chombo safi cha plastiki. Chukua udongo wa juu, sentimita 15 za kwanza, kutoka sehemu kadhaa, na chukua pia udongo safi wa aina hiyo hiyo kutoka mbali na jaa. Bila huo wa kulinganishia hutajua kama namba uliyopewa ni ya jaa au ni ya ardhi yenyewe. Maji yapimwe kwenye kisima cha upande wa juu na cha upande wa chini, mara moja kiangazi na mara moja baada ya masika. Kila chupa iwe na namba, tarehe, saa na jina la aliyeibeba.

Majibu yakitoka, panga hatua kuanzia nyepesi. Kwanza zuia utupaji mpya: funga njia ya gari, na hakikisha kontena lipo karibu, maana ukifunga jaa bila kutoa mbadala umefungua jengine. Pili, chimba mtaro juu ya eneo ili maji ya mvua yazunguke yasipite ndani. Tatu, okota vya juu kwa mkono, katika kiangazi, wafanyakazi wakiwa na buti, glavu nene na barakoa, na maji na sabuni viwe pale pale kabla mtu hajala. Betri, mafuta machafu, sindano na asbesto vina njia zao na haviingii Kibele pamoja na maganda. Bati za asbesto zilowekwe maji, zisivunjwe, zifungwe plastiki mara mbili, zingojee maelekezo ya ZEMA.

Nne, kama vipimo vinaonesha uchafu ni wa taka za kawaida, funika. Shindilia, weka udongo wa kinamo usiopungua nusu mita, juu yake udongo wenye rutuba, na uso uwe na mteremko ili maji yasituame. Panda majani yenye mizizi mifupi. Usipande muhogo wala mboga, na pasijengwe nyumba: taka zinazooza bila hewa hutoa methani, gesi inayoshika moto na kujikusanya chini ya sakafu. Jaa linalotoa moshi lizimwe kwa kuzibwa na udongo. Maji peke yake huzima juu tu, na yakishuka yanabeba sumu kwenda chini.

Vipimo vikionesha risasi, dawa za wadudu au mafuta kwa wingi, kazi ya kikundi imeishia kwenye uzio, mtaro na kibao cha onyo. Andika ripoti, ipeleke ZEMA na barazani, na ombi la fedha zinazofuata liwe la mkandarasi mwenye uwezo huo.

Hatua ya 7: Ripoti na makabidhiano

Ripoti nzuri haizidi kurasa sita. Iwe na kipimo cha mwanzo, kipimo cha mwisho, gharama kwa kila kilo iliyopungua, na orodha ya yaliyoshindikana na sababu zake. Kama nyumba 11 kati ya 40 ziliacha kutenga mwezi wa tatu, sema, na sema kwa nini: pengine polo lilikuwa likinuka kwa kuwa mkusanyaji alikuwa akija mara moja kwa wiki. Baraza litakalotaka kusambaza njia yako linahitaji habari hiyo kuliko sifa.

Miezi miwili kabla fedha kwisha, kaa na baraza muandikiane nani anaendelea kulipa mkusanyaji, nyumba itachangia kiasi gani, na mizani na mashine zinabaki kwa nani. Kwa jaa lililofunikwa, chora ramani yenye vipimo kutoka kwenye alama isiyohama, kama msikiti, skuli au nguzo ya barabara, na uandike kina cha kifuniko, tarehe, majibu ya maabara na visima vya kuendelea kupimwa kila mwaka. Nakala moja ibaki kwa sheha, moja barazani, moja ZEMA, na moja ofisi ya ardhi ya wilaya, kwa sababu ipo siku mtu atakuja kuombea kiwanja pale pale.